Kiti Kilichosusa

Nchi hii haipo. Nasema mapema ili mtu asije akahangaika nayo kwenye ramani, halafu akakuta iko karibu na kwao, akaanza kunichukia bure. Jina ilikuwa nalo, tena zuri, lakini Walezi walipokuja walisema linawauma ulimi, wakaliweka kabatini mpaka siku litakapohitajika. Tangu hapo watu wa nchi ile wakiulizwa mnatoka wapi, wanasema, "Huku huku."

Walezi walikuwa watu wema. Waliacha mama zao huko kwenye baridi, wakavuka maji yote yale, ili tu waje kulea watu wasiowajua. Walikuja na meli za kulelea na mizinga ya kulelea. Aliyekataa kulelewa walimlea kwa nguvu mpaka akatulia, na wengine wametulia hadi leo, nyasi zimeota juu yao.

Sasa, nchi ile ilikuwa na mila moja ambayo nadhani mnaijua. Msichana akiposwa, wazee wanamwita, anakaa kwenye mkeka na mtandio wake, wanamwuliza, "Umekubali?" Akinyamaza, amekubali. Kwa nini? Kwa sababu ana haya. Na kama hataki? Aseme. Atasemaje, na ana haya? Hapo wazee wanakunywa kahawa.

Mlezi wa kwanza kufika alielezwa mila hii kwenye harusi moja, akaipenda mpaka machozi yakamlengalenga. Alisema kwao wataalamu wamezeeka wakitafuta sheria nzuri namna hiyo na hawajaipata. Kesho yake akapanda mlimani, akauuliza mlima kama unakubali kuchimbwa. Akausubiri kidogo, kwa heshima. Mlima ukanyamaza. Akashuka, akauuliza mto. Akauliza msitu wa mikoko. Tembo aliwauliza kwa mbali kidogo, na bunduki mkononi. Ikaonekana nchi nzima ina haya.

Akamalizia kwa Mfalme Shungu.

"Je, Mfalme, unakubali tukulinde wewe, na nchi yako, na watoto wako, na vyote vilivyo chini ya ardhi?"

Mfalme Shungu alikuwa na pande la halua mdomoni, na mtu wa heshima hasemi na kitu mdomoni. Halua yenyewe ilikuwa ya jana, ile inayoganda kwenye magego. Alipofanikiwa kumeza, bendera ilikuwa imeshapandishwa na wimbo wake umefika ubeti wa pili.

*

Mfalme Shungu alivumilia alivyoweza, halafu siku moja akachukua upanga. Vita vile, vitabu vya shule za nchi hiyo vinaviita Vita vya Shukrani. Walezi walikuwa wameapa kumlinda Mfalme dhidi ya adui yake yeyote, na walipochunguza nani anaongoza jeshi linaloleta fujo zote zile, wakakuta ni Mfalme mwenyewe. Wakasikitika sana. Lakini kiapo ni kiapo. Wakamkamata ili wamlinde asijidhuru, wakampeleka kwenye kisiwa cha mawe, mbali, akapumzike.

Ndipo likatokea tatizo. Mkataba wa kuilea nchi ulikuwa kati ya Walezi na mfalme. Hakuna mfalme, hakuna mkataba. Na kule mpakani walikuwepo Walezi wa Ng'ambo, wenye bendera ya rangi nyingine na wema uleule, wanachungulia.

Aliyeokoa jahazi ni Waziri Shekuwe. Huyu alikuwa msomi, na alikuwa na sauti nzuri ya msibani. Akamwendea Mlezi Mkuu, Bwana Fandaruti, akamkumbusha kwamba zamani Mfalme akienda kuwinda, watu waliopita barazani walikiamkia kiti chake. Ilikuwa heshima tu, kama unavyoacha kanga yako kwenye mkeka wa harusini ili mtu asikukalie nafasi. Hakuna aliyewahi kufikiri kanga inaolewa.

"Kwa hiyo kiti ndiye Mfalme?" akauliza Bwana Fandaruti.

"Mheshimiwa, kwa mila zetu, hasa hasa."

"Na tukikiuliza jambo?"

Waziri Shekuwe akatabasamu. "Kiulize, Mheshimiwa."

Kilikuwa kiti cha mpingo, kimechongwa vizuri, mgongo mrefu. Na mimi ninavyosikia, nchi ile haijapata mfalme msikivu kama yule. Kiliulizwa kuhusu kodi ya kichwa, kikanyamaza. Kodi ya kibanda, kikanyamaza. Kiliulizwa kama watu wajenge reli bila malipo, kwa faida yao wenyewe, na hapo Bwana Fandaruti aliona aibu kidogo akauliza mara mbili. Kimya. Waziri alisimama pembeni siku zote kusaidia mazungumzo. Watu wakipita na kusema, "Shikamoo, Mfalme," yeye anaitikia, "Marahaba."

Ikatungwa sheria ya kumlinda Mfalme. Kumwegemea, jela. Kumpa mgongo, jela. Kumkalia, kunyongwa. Fundi seremala mmoja alisema mguu wa nyuma umeanza kulegea, akafungwa kwa kutangaza ugonjwa wa Mfalme.

Na kulikuwa na Bi Zuwena, mke wa Mfalme Shungu. Aliomba ruhusa amfuate mumewe kisiwani. Wakamwambia, "Bibi Mkubwa, unamfuata wapi? Mumeo huyo barazani, hasafiri." Kwa hiyo akabaki mke wa kiti. Mila ilimtaka ampelekee mumewe chakula cha mchana, naye akawa anapeleka, wali, mchuzi, na nyama ya nundu. Sahani inaingia nyuma ya pazia, inatoka nyeupe kama imeoshwa. Waziri Shekuwe, katika miaka hiyo, alinenepa sana kwa majonzi ya kumkosa bwana wake.

Bi Zuwena hakusema kitu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Badi, na mama mwenye mtoto mmoja anajifunza kuchagua maneno.

*

Halafu ukaja ule ugomvi mkubwa. Mfalme wa Walezi na mfalme wa Walezi wa Ng'ambo walikuwa mtu na binamu yake. Walikwenda harusi ya ndugu yao, wakagombana nani asimame katikati kwenye picha. Ndugu wakishagombana, mnajua, wanaoumia ni majirani, na hawa majirani zao walikuwa dunia nzima.

Walezi wakasema vita hivi vinawahusu sana watu wa huku, maana adui akishinda atawatawala, na hakuna kitu kibaya kama kutawaliwa. Wakahitaji wapagazi. Kiti kikaulizwa. Kikanyamaza. Vijana wakafungwa kamba kiunoni, mmoja nyuma ya mwingine, ili wasipotee njiani, wakaenda kubebea maofisa risasi, na mahema, na sanduku za divai, na bafu la bati la Jenerali, na kinanda chake, kwa sababu Jenerali alikuwa hapati usingizi bila muziki.

Hawakurudi. Si kwamba walipigwa risasi wote, hapana, wengi walikufa kwa mzigo na kuharisha tu. Walezi hawakuwa wachoyo wa shukrani. Kila mama aliletewa picha ya mfalme wa Walezi, ana masharubu, aitundike pale mtoto alipokuwa analala.

Walipokuja kutaka kundi la pili, watu wakaanza kunong'ona. Mbona watoto wa wakubwa hawaendi? Lilikuwa swali la fitina, maana watoto wa Waziri Shekuwe wangependa sana kwenda, ila wote walikuwa wamepatwa na ugonjwa wa mguu wiki hiyohiyo. Waziri akatafakari, akapata jibu la kuwanyamazisha watu. Badi aende. Mtoto wa Mfalme akibeba bafu, nani atalalamika?

Wakakiuliza kiti kama kinamtoa mwanawe. Mnajua kilijibu nini.

Badi akachukuliwa asubuhi, akafungiwa na wenzake kwenye ghala la pembe za ndovu pale bandarini, kusubiri meli.

*

Bi Zuwena aliingia barazani amevaa kanga za kazi, bado mikono ina unga.

"Waziri, nani kamtoa mwanangu?"

"Baba yake, Bibi Mkubwa. Kaulizwa mbele ya watu, kanyamaza."

"Kanyamaza vipi?"

"Vipi tena? Kimya. Kama siku zote."

"Waziri, wewe umeoa?"

"Bibi Mkubwa, wake zangu watatu wote unawajua."

"Ukirudi nyumbani ukamkuta mke mkubwa kanyamaza. Unamwamkia, haitiki. Unaulizia chai, anaangalia ukuta. Utasema huyu kanikubalia?"

Waziri akafikiri. Watu wakamwona anafikiri.

"Huyo... huyo atakuwa kanuna."

"Haya. Mimi ndiye niliyeolewa na huyu," akasema Bi Zuwena, akaelekeza kidole chenye unga kwenye kiti. "Namjua. Huyu hajakubali kitu. Kanuna."

Barazani pakaingia ubaridi. Mama Chausiku, muuza mihogo, aliyekuwa amepitia mlangoni na sinia lake kichwani, akasikika anasema taratibu, "Ee, na mimi nilikuwa namwona hivyo hivyo. Ile sura."

Jambo lilikuwa zito. Kama kiti kimekubali, sheria zote ni halali. Kama kimenuna, basi kodi, na reli, na wapagazi, vyote vilifanywa mwenye nyumba hataki. Bwana Fandaruti, mtu wa haki, akaunda Tume ya Kuchunguza Moyo wa Kiti. Daktari wa Walezi akaweka kile kipimo chake cha kusikilizia mapigo kwenye mgongo wa mpingo, akafumba macho, akasema mgonjwa ana utulivu ambao hajawahi kuusikia kwa mtu wa umri wowote. Mtaalamu wa mila za wenyeji, aliyeishi nchini tangu Jumanne, akasema wenyeji hawana uwezo wa kununa, wana uwezo wa njaa na wa kucheka tu.

Mwisho akasimama Waziri Shekuwe. Alisafisha koo mpaka watu wakarekebisha mikao.

"Waheshimiwa. Mtu aliyenuna hali. Hili hata mtoto anayenyonya analijua. Na mimi, niliye karibu na Mfalme kuliko mtu yeyote, nashuhudia mbele ya Mungu na mbele ya Tume kwamba Mfalme anakula. Anakula vizuri. Anakula na kulamba vidole. Anapenda zaidi nundu. Je, huyo ni mtu aliyenuna?"

Tume ikapiga makofi. Bi Zuwena akangoja makofi yaishe.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi leo ale hapa hapa, tumwone."

*

Ikaletwa sahani. Wali wa nazi, mchuzi mzito, nundu juu. Ikawekwa kwenye mkeka mbele ya kiti, pazia likaondolewa, watu wakajaa mpaka uwanjani. Bwana Fandaruti akakaa upande mmoja, Waziri Shekuwe upande wa pili, na hiyo ilikuwa saa yake ya kula.

Kiti kikatulia.

"Labda anaona haya kutazamwa," akasema Waziri.

"Miaka yote hii anatawala, leo ndiyo anaona haya?" akasema Mama Chausiku.

Mchuzi ukaanza kuganda mafuta juu. Paka mmoja akasogea. Sajini Gumbo, mkuu wa askari wa baraza, akamwelekezea bunduki kwa kujaribu kupora chakula cha Mfalme, paka akaona bora arudi. Tumbo la Waziri likanguruma. Watu wakaangalia kiti kwa matumaini, halafu wakajua sauti imetokea wapi. Jua likahamia ukuta wa pili, nundu ikakauka, nzi wakawa wengi kuliko Tume.

Mama Chausiku akashusha sinia lake chini.

"Hajanuna huyu," akasema. "Kasusa."

Neno likatoka barazani, likashuka sokoni, likaingia majumbani. Mfalme kasusa. Na hapa lazima niwaeleze, kwa sababu Walezi hawakuelezwa, nao hawakuuliza. Katika nchi ile mwenye nyumba akisusa, hakuna anayekula mbele yake. Jiko linazimwa mpaka abembelezwe. Na Mfalme nyumba yake ni nchi nzima. Walezi wenyewe ndio waliolifundisha hilo shuleni: Mfalme ni baba, nchi ni nyumba, imbeni tena.

Jioni ile hakuna moshi uliopanda popote.

Asubuhi mpishi wa Bwana Fandaruti akaja kazini kama kawaida, akapiga magoti kama kawaida, akasema, "Bwana, jiko halitawaka, baba yetu kasusa." Kambini wapishi wa askari wakasema hivyohivyo. Dereva wa garimoshi akaulizwa yeye ana sababu gani, yeye si mpishi. Akasema, "Bwana, hili garimoshi ni nini kama si jiko kubwa?" Walezi wakalitazama garimoshi, na ukweli ni kwamba lilifanana.

Watu walikula nini? Maembe mabichi, nazi, mihogo ya kutafuna. Watoto walilia. Usidhani ilikuwa rahisi. Mama Chausiku, aliyeishi kwa kukaanga, alikaa mlangoni na karai baridi. Lakini kila alipoulizwa alisema, "Mimi nilishapewa picha moja. Mdogo wake yuko kwenye ghala. Sina ukuta wa kutundika ya pili."

Ikatoka Amri ya Kuwasha. Askari wakaenda nyumba kwa nyumba kuwalazimisha watu wapike. Wakiwasha wao, mwenye nyumba anawaambia, "Ahsanteni, wanangu, lakini chakula kilichosuswa kinakaa tumboni kama jiwe, nyie wenyewe mnajua." Askari walikuwa wanajua. Walizaliwa humo humo. Wakatazama sufuria, wakameza mate, wakaenda nyumba ya pili.

Mwisho Bwana Fandaruti, aliyekuwa anaishi kwa biskuti za kopo, akamwita Waziri.

"Mtu wenu akisusa, mnafanyaje?"

"Tunambembeleza, Mheshimiwa."

"Vipi?"

Waziri akamweleza. Bwana Fandaruti akabadilika rangi mara kadhaa. Lakini vita vilikuwa vinasubiri, na kule mbele Jenerali alikuwa haogi.

Hivyo watu wa nchi ile wakamwona kwa macho yao Mlezi Mkuu, na medali zake na lile kofia la manyoya, amepiga magoti mbele ya kiti ameshika kijiko.

"Kula, baba," akasema. "Kidogo tu. Hata kwa ajili yangu."

"Sauti laini, Mheshimiwa," akamnong'oneza Waziri.

"Kula, baba yangu. Nimekosa nini?"

"Hapo sasa," akasema Bi Zuwena. "Muulize anataka nini. Au niseme mimi, mkewe. Anataka waliomo kwenye ghala watoke. Mwanawe atoke."

Bwana Fandaruti akainuka, akajifuta magoti. Alisema vijana wa ghala wameshaahidiwa kwa mfalme wake, na ahadi ya mfalme wake si mchezo. Lakini akili yake ilikuwa imebaki kwenye neno la mwisho. Mwanawe atoke. Akatabasamu kama mtu aliyeona mlango.

*

Badi aliletwa kesho yake, mabega yamechubuka, maana kule ghalani walifanyishwa mazoezi ya kubeba mawe. Uwanja ulijaa. Bwana Fandaruti akatangaza kwamba Mfalme aliyepo, kwa sababu ya umri na ukaidi, amestaafu. Mfalme mpya ni Badi. Atakaa kwenye kiti, atakula, kususa kutakuwa kumekwisha, na majiko yatawaka. Kwa kuwa hakuna aliyepika, Bwana Fandaruti mwenyewe alifungua kopo la samaki, akalimimina kwenye sahani ya fedha.

"Kaa, kijana. Ukae, ule. Vitani huendi."

Badi akatazama sahani. Alikuwa na njaa. Halafu akamtazama mama yake.

Na Bi Zuwena, aliyeanzisha mambo yote haya, akasema kwa sauti ndogo, "Kaa, mwanangu."

"Na wenzangu kule?"

"Mimi nimekuzaa wewe, Badi. Wenzako wana mama zao."

"Mama zao ndio hao nyuma yako."

Bi Zuwena hakutaka kugeuka. Akageuka. Walikuwa wamesimama hapo kweli, midomo imekauka, kanga zimefungwa kwa nguvu matumboni. Akangoja watukane. Mama Chausiku akasema, "Mwache akae tu, Bi Zuwena. Wangu angeitwa, hata mimi ningemwambia akae."

Hilo lilimchoma Bi Zuwena kuliko tusi. Akarudi nyuma, akasimama pamoja nao.

Badi akasogea mpaka kwenye kiti, akakitazama kwa muda, akarudi nyuma.

"Bwana, samahani," akasema. "Kina mtu."

"Nani?"

"Mfalme. Mmetuambia tangu niko mdogo. Sasa nimkalie baba yangu? Kwa sheria si kunyongwa?"

Uwanja ukacheka, cheko la watu wenye njaa, fupi. Bwana Fandaruti hakuwa amelala vizuri, na biskuti zilikuwa zimemfunga tumbo. Akasema hiki ni kiti. Ni mbao. Mbao, miguu, gundi. Mtu yeyote mwenye akili anaweza kukikalia. Na ili waone, akageuka, akakikalia.

Mguu wa nyuma ukalia kidogo, ukavumilia.

Sajini Gumbo akawatazama askari wake, askari wakamtazama Sajini. Kazi waliyoapishwa maisha yao yote ilikuwa moja tu, kumkamata mtu atakayefanya vile.

Mama Chausiku akapita mbele, polepole, akakunja goti kidogo kwa adabu.

"Bwana Mlezi, kumbe ni mbao?"

"Mbao."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, mama. Tangu mti."

"Haya. Basi mwanangu wa kwanza, yule mliyeniletea picha. Nani alikubali aende?"

Bwana Fandaruti akafungua mdomo. Akamtafuta Waziri Shekuwe kwa macho. Waziri alikuwa anamtazama samaki wa kopo. Watu walimsubiri. Hawakuwa na haraka, na wala hawakupiga kelele. Wengi walikuwa na swali hilohilo, ila jina la mtoto tu ndilo tofauti.

Alipozidi kukaa kimya, Sajini Gumbo akavua kofia yake, akaikuta imelowa jasho, akasema, "Mimi nina funguo za ghala." Akaanza kutembea kuelekea bandarini. Mama Chausiku akamfuata, wanawake wakafuata, askari wakafuata na bunduki zimening'inia kama miavuli siku ya jua.

Ofisa mmoja wa Walezi alipiga risasi hewani. Hakuna aliyegeuka, akaona aibu, akairudisha bastola kwenye ala yake.

*

Vitabu vya Walezi vinasema hayakutokea mapinduzi yoyote. Kilichotokea ni kuchelewa kwa chakula cha mchana. Vinasema pia kwamba Bwana Fandaruti alikwenda likizo. Hii ni kweli kabisa: meli iliyokuja kuchukua wapagazi ilikuta haina wa kuchukua, ikawa na nafasi ya kutosha, na Walezi wakapanda na mizigo yao. Kinanda kipya cha Jenerali kilichokuwa kinasubiri bandarini kilibaki pale pale, kwa sababu hakuna aliyejitokeza kukibeba. Na Waziri Shekuwe naye alijitolea kuwasindikiza, hadi leo bado anasindikiza.

Siku ile vijana walipotoka ghalani, wengine walikuwa hawawezi kusimama. Ilibidi wale upesi. Sufuria la harusi likaletwa uwanjani, mchele ukatoka kila nyumba, konzi moja moja. Kuni hazikutosha. Bi Zuwena akaingia barazani, akatoka anakiburuta kiti, akaomba shoka.

Kadhi mmoja mzee akamkimbilia. "Bibi Mkubwa, subiri. Huyo ni mumeo kisheria."

"Mume wangu yuko kisiwani, kama bado yupo. Kesho natafuta chombo nimfuate. Hebu sogea, usije ukarukiwa na kipande."

Mpingo unachelewa kushika, lakini ukishika una moto mkali, hauna moshi mwingi. Wali ukaiva. Badi akapakua, akaanza na waliolala chini, mwenyewe akala mwisho, kwa mkono, bila kutazama mtu. Mama yake alikaa karibu naye anamwangalia anavyotafuna. Hakugusa chakula mpaka alipomwona ameomba tena.

Sajini Gumbo, sahani mapajani, akatafuna, akasita, akatafuna tena.

"Bi Zuwena," akasema, "usinielewe vibaya. Chumvi haitoshi."

Watu wakanyamaza. Mtu alikuwa amekosoa chakula cha ikulu, hadharani, na jina lake linajulikana. Kila mmoja akatazama wenzake kuona nani atakuja kumkamata, na hapo ndipo walipokumbuka kwamba wa kumkamata ni yeye.

"Haitoshi kweli," akasema mwingine.

"Imezidi huku kwetu," akasema wa upande wa pili.

"Nazi ndiyo haikutosha, chumvi iko sawa."

"Wewe unajua nini kuhusu nazi?"

Bi Zuwena akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akachukua mwiko, akamnyooshea Sajini.

"Kesho," akasema, "unapika wewe."